Mtoto na Ushairi: Sikio Kwanza, Hesabu Baadaye

Wazazi wengi wa Mbeya na Iringa hukutana na ushairi wa watoto wao mahali pamoja tu: kwenye daftari la Kiswahili, jioni, mtoto anapouliza shairi hili lina beti ngapi, kila mshororo una mizani (silabi) ngapi, na vina vya kati (sauti zinazofanana katikati ya mishororo) ni vipi. Mzazi hukuna kichwa. Kama aliwahi kujua, amesahau. Kama hakuwahi kujua, anamsukumia mtoto kwa shangazi aliyesomea ualimu. Shangazi anashika kalamu, anahesabu, majibu yanapatikana, daftari linafungwa. Shairi lenyewe lilisema nini? Hakuna aliyeuliza.

Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ina kazi yake, na mtihani utaitaka. Ugomvi wangu ni kwamba inatangulizwa. Ni sawa na kumwanzishia mtoto mpira kwa kumkaririsha sheria ya kuotea kabla hajaupiga teke hata mara moja. Mtoto anayeanza hivyo hujua kutaja tarbia na tathlitha, yaani shairi la mishororo minne na la mitatu kwa kila ubeti, lakini ukimpa shairi asome kwa sauti, analisoma moja kwa moja bila kupumua, halafu anakutazama kama aliyemaliza kubeba ndoo ya maji.

Kinachofanya jambo hili lionekane gumu ni kuchanganywa kwa vitu ambavyo mtoto huvifikia kwa njia tofauti na kwa umri tofauti. Kuna mapigo ya sauti, ambayo huyapata mapema sana. Kuna picha, yaani kusema kitu kwa kutaja kingine, ambayo huja anapoanza kuuliza maswali yasiyokwisha. Na kuna arudhi, yaani kanuni za utungaji, ambazo zinataka mtoto anayeweza kujitazama akiwa kazini. Shule zetu mara nyingi huanza na hili la mwisho, kwa sababu ndilo rahisi kusahihisha.

Anachokuja nacho

Mtoto wa Nyanda za Juu Kusini haji darasani mikono mitupu. Amebembelezwa kwa Kinyakyusa, Kihehe au Kibena mgongoni mwa bibi, na bembelezo lolote lina mapigo yanayojirudia, la sivyo mtoto halali. Amecheza michezo ya kupiga makofi, ambamo anayepoteza pigo anatoka. Jumapili amekaa benchi la mbele akiangalia kwaya. Huku kwetu kwaya si jambo dogo. Wamisionari Wamoravian na Walutheri walifika Unyakyusa mwaka 1891, na vizazi vimekua vikijua wapi sauti moja inaishia na wapi wote wanaitikia. Mtoto anayeingia kwenye kiitikio kwa wakati wake tayari anaijua kazi ya kibwagizo, hata kama jina hilo hajalisikia. Na kaka yake wa Mwanjelwa anayechana mistari kijiweni, akihakikisha mwisho wa mstari mmoja unagongana na mwisho wa mwingine, anatafuta vina, tena kwa bidii kuliko nilivyowahi kuona darasani.

Wapo watakaosema huo ni uimbaji, ushairi ni kitu kingine. Hao wamsikilize Kaluta Amri Abedi. Mzaliwa huyu wa Ujiji ndiye aliyeandika sheria za utungaji katika kitabu kilichotoka mwaka 1954, na mpaka leo wanaoshikilia vina na mizani humtaja yeye kama hakimu. Naye alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na kwamba lisiloimbika halina maana. Yaani hata mkali wa sheria aliweka sikio mbele. Mizani na vina viliwekwa ili mghani asikwame katikati ya ubeti na msikilizaji aweze kushika alichosikia bila karatasi.

Basi tuanze na kughani. Nimetunga mfano huu nikimfikiria mtoto wa Makete au Njombe, mwezi wa Juni au Julai, umande unapoganda juu ya nyasi:

Baridi ya hapa kwetu,
Yauma vidole vyetu,
Hata nguo ziwe tatu,
Asubuhi natetema.

Kuni zalia motoni,
Uji watoka chunguni,
Paka kalala mekoni,
Baridi yarudi nyuma.

Ghani kwa sauti, polepole, ukipumua mwisho wa kila mstari. Mara ya pili gonga kidole mezani kwa kila silabi. Mtoto atajiunga bila kuombwa, na kabla hujachoka atakuwa anaisema "natetema" mapema kuliko wewe. Usimwambie chochote kuhusu mizani. Muulize kuhusu kuni: zinalia vipi, zina mdomo? Aliyewahi kukaa jikoni siku kuni zikiwa mbichi atakuambia zinatoa mlio na povu kwenye ncha. Muulize baridi imerudi nyuma kwenda wapi. Kuna mtoto atakayejibu kwamba imesimama mlangoni inasubiri watu watoke kwenda shule, na jibu hilo ni zuri kuliko shairi langu.

Siku nyingine, mtoto akiwa amelishika, ndipo mnahesabu pamoja. Ba-ri-di-ya-ha-pa-kwe-tu: nane. Ya-u-ma-vi-do-le-vye-tu: nane. Kila mstari ni nane, ndiyo maana kidole hakikukosea mezani. Mistari mitatu ya kwanza ya kila ubeti inaishia kwa sauti moja, na wa nne unaishia kwa -ma katika beti zote mbili. Huo ni muundo wa utenzi, na kina hicho kinachopita beti zote huitwa kina cha bahari. Mtoto anapoambiwa hayo, anapewa majina ya vitu alivyokwisha kuvisikia kwa masikio yake.

Hapo pia linafunguka fumbo linalowasumbua watoto wengi wa bara: kwa nini mashairi yanasema "kalala" wakati sisi tunasema "amelala"? Mwambie mtoto ajaribu kuweka "Asubuhi ninatetemeka" mwisho wa ubeti wa kwanza. A-su-bu-hi-ni-na-te-te-me-ka. Kumi. Kidole kinabaki hewani. Mshairi hufupisha neno apate kuenea, na ufupishaji huo huitwa inkisari. Akilirefusha kwa sababu hiyohiyo, huitwa mazida. Mtoto aliyelijaribu mwenyewe hatasema tena kwamba washairi wanaandika Kiswahili cha ajabu. Atajua walikuwa wanabanwa na nafasi, na pengine ataanza kuwaonea huruma.

Mizani kumi na sita

Shairi la kimapokeo analokutana nalo shuleni huwa pana zaidi. Kila mshororo una vipande viwili vya mizani nane nane. Cha kwanza huitwa ukwapi, cha pili utao. Ubeti una mishororo minne, na ndiyo hiyo tarbia. Mtoto anayemudu mstari wa mizani nane hahitaji kuogopa, maana ni mistari ileile miwili imekaa bega kwa bega:

Parachichi la shambani, limeiva nalitaka,
Laning'inia mtini, mkono haujafika,
Nikapanda kwa makini, tawi mara lakatika,
Sasa nimo matopeni, na ndugu wananicheka.

Watoto wa Rungwe na Njombe hawahitaji maelezo ya shairi hili. Wengi wana kovu.

Sasa liharibu makusudi. Sema: "Nikapanda kwa makini, tawi likavunjika ghafla." Usieleze chochote, rudia tu ubeti mzima na mstari huo ukiwa umebadilishwa. Nimeona watoto wadogo kabisa wakikunja uso. Wanajua kuna kitu kimekwama ingawa hawajui ni nini. Waache watafute: sauti ya mwisho haifanani na -ka, tena kipande kimezidi. Shairi lenye kasoro ya namna hiyo huitwa guni, na mtoto aliyeligundua mwenyewe hulipenda sana neno hili, atalitumia kwa kila kitu nyumbani pamoja na mboga. Zoezi hili moja la kuharibu na kutengeneza lina faida kuliko kurasa nyingi za "taja sifa za shairi".

Kuhusu kuhesabu silabi kuna mitego michache ambayo mzazi anapaswa kuijua, kwa sababu hapo ndipo alama hupotea. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, kwa hiyo "shamba" ni sha-mba, mizani mbili, wala si sham-ba. "Ng'ombe" ni mbili. "Mwana" ni mbili, lakini "mtoto" ni tatu, kwa kuwa ile m- ya mwanzo inasimama peke yake kama silabi. Kadhalika "mlima". Halafu kuna maneno mafupi yanayodanganya: "nchi", "nge" na "mbu" yana silabi mbili kila moja, n-chi, n-ge, m-bu, ingawa "ndizi" na "mbuzi", ambamo n- na m- hazisimami peke yake, nazo ni mbili zilezile. Mtoto akibisha, mwambie alitamke neno kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Pumzi itamwonyesha.

Kitendawili ni nusu ya shairi

Sauti ikishakaa, mtoto yuko tayari kwa picha, na picha hatuna haja ya kwenda kuitafuta mbali. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Aliyefumba ameona kitu kimoja ndani ya kingine, akakificha kimoja. Mshairi anafanya hivyohivyo, isipokuwa yeye haulizwi jibu wala hadai mji. (Watoto wanaoshindwa hutoa miji kwa ukarimu wa kutisha. Nimesikia Mbeya yote ikitolewa, pamoja na uwanja wa ndege wa Songwe, kwa ajili ya nanasi.)

Kwa hiyo baada ya vitendawili vya zamani, waambie watunge vipya kwa vitu wanavyoviona. Mtoto wa Mbeya mjini anautazama mlima Loleza kila asubuhi. Siku wingu likikaa kileleni atasema, "Mzee wetu kavaa kofia." Hicho ni kitendawili kizuri tu. Usiishie hapo. Muulize: kofia hiyo kapewa na nani? Ataivua saa ngapi? Akiivua, chini yake kuna nywele au upara? Andika majibu yake kama alivyoyasema, kila jibu mstari wake, kisha lifute jibu la kitendawili lisionekane popote. Kilichobaki kwenye karatasi ni shairi. Msomee. Mtoto anayesikia maneno yake mwenyewe yakisomwa kwa heshima na mtu mzima hukaa wima.

Hapa liko jambo ambalo waalimu wa huku wanalijua na vitabu havilisemi sana. Picha nyingi za ushairi wa Kiswahili zilizaliwa pwani: minazi, jahazi, mawimbi, kusi na kaskazi. Ni mali yetu sote, na mtoto wa Mafinga anapaswa kuzijua. Lakini akizipata hizo tu, atadhani ushairi ni wa watu wa kwingine, na akitunga ataandika kuhusu bahari asiyoijua badala ya chai ya Mufindi inayochumwa nje ya dirisha lake. Shaaban Robert alizaliwa Tanga mwaka 1909, ni kweli, na hakuna wa kumshusha pale alipo. Ila Amri Abedi alikuwa wa Ujiji, na Mathias Mnyampala, aliyezaliwa 1917, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Mtoto wa bara si mgeni katika nyumba hii, ukoo wake umo.

Lugha ya nyumbani nayo ina sehemu yake. Mwache atege kitendawili kwa Kisafwa au Kikinga kama bibi alivyomfundisha, halafu mjaribu pamoja kukisema kwa Kiswahili. Mara nyingi kinapotea kitu njiani, na mtoto anayeona kilichopotea ameanza kusikia uzito wa maneno. Matamshi nayo yataleta kesi. Watoto wengi wa bara hutamka "fedha" kama "feza", hivyo watakiweka kina hicho pamoja na "pendeza" bila wasiwasi wowote. Kwa sikio lake amepatia. Kabla ya kupiga mstari mwekundu, mwambie sikio lake liko sawa, kisha mwonyeshe kwamba kwenye maandishi -dha na -za ni vina viwili. Ukianza na mstari mwekundu, utakuwa umemfundisha kuliogopa sikio lake, nalo ndilo chombo pekee alicho nacho.

Ngonjera na mgeni rasmi

Mnyampala nimemtaja kwa sababu nyingine. Yeye ndiye aliyeupa ngonjera umbo tunalolijua, mashairi ya majibizano ambamo wawili wanabishana beti kwa beti mpaka wakubaliane. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zilitumika kueneza siasa ya Ujamaa, na shule zikazipokea kwa mikono miwili. Mnyampala alifariki mwaka 1969, ngonjera zikabaki. Leo hakuna mahafali ya darasa la saba bila watoto waliopangwa mstari, mkono mmoja kifuani, wakimweleza mgeni rasmi kwa vina kamili kwamba shule haina madawati na vyoo vimejaa.

Sizidharau. Kwa watoto wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kusimama mbele za watu wakasema jambo likasikika, na wakati mwingine madawati huja kweli. Lakini mara nyingi maneno yote ni ya mwalimu. Watoto wanayapiga kelele, ishara za mikono zimefanana, na ubishi, ambao ndio utamu wa ngonjera, haupo. Nyumbani mnaweza kuurudisha ubishi huo. Wape watoto wawili hoja wanayoijali. Mmoja aanze:

Wali wa Kyela mtamu,
Kila mtu ana hamu.

Mwenzake ajibu:

Viazi vyetu vya Njombe,
Vyashibisha hata ng'ombe.

Huyu wa pili amejifunga goli, maana mpinzani wake atashika hapohapo kwamba basi ni chakula cha ng'ombe. Vizuri. Atatafuta mstari wa kujiokoa, na akiwa anautafuta atahesabu mizani kwa vidole bila mtu kumwagiza. Mistari miwili miwili inatosha kwa watoto wa darasa la tatu au la nne. Beti kamili zitakuja baadaye.

Kuhusu kukariri, nasema kwa kifupi: ni jema likiwa la hiari au la mchezo, ni baya likiwa adhabu. Shairi lililokaririwa kwa fimbo hubaki kichwani pamoja na fimbo.

Lisilo na vina

Limebaki swali ambalo wazazi hulileta kwa sauti ya chini, wakidhani watachekwa. Mtoto ameandika hivi:

Ukungu umekula shule.
Tumebaki mimi na kengele.
Mwalimu anaita majina
ya watu asiowaona.

Mizani haziko sawa. Vina vimejitokeza kwa bahati tu. Je, hili ni shairi?

Wakubwa walishaligombania kwa ukali. Miaka ya 1970 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuchapisha mashairi yasiyofungwa na vina na mizani. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa diwani yake ya kwanza mwaka 1974, na wanamapokeo, wale wanaoshikilia vina na mizani, wakasema huo si ushairi wa Kiswahili. Wanausasa, yaani hao vijana na wenzao, wakajibu kwamba vina na mizani ni pambo moja tu kati ya mengi, na kwamba nyimbo za makabila yetu hazikuwahi kusubiri mizani kumi na sita. Kwenye hoja hii ya pili nawaunga mkono. Nyimbo za kazi na za kubembeleza za huku hufuata pigo la jembe au la mgongo, hazifuati jedwali. Leo mashairi ya pande zote mbili yanafundishwa sekondari, na kelele zimepungua, ingawa ukimgusa mzee wa tarbia bado utasikia.

Kwa mtoto wa miaka tisa sioni haja ya kumchagulia upande. Ule mstari wa ukungu uliokula shule hauwezi kufundishwa na mtu, umetoka kwa aliyesimama kwenye mstari wa asubuhi Uporoto asione jengo. Ukimlazimisha aubane kwenye mizani nane sasa hivi, atautupa mstari huo na kuandika kitu kinachohesabika kuhusu faida za elimu. Mwachie. Na siku mwalimu atakapoandika "hili si shairi" chini yake, mweleze mtoto kwamba mwalimu anapima kwa kanuni za tarbia, na kwamba kwenye mtihani kanuni hizo ndizo zitakazopimwa. Mnunulie daftari la pili, la bei ndogo. La shule litunze vina na mizani, hilo jingine liandikwe anavyosikia. Baada ya muda fungueni yote mawili pamoja mtazame kama kuna mstari wa huku unaoweza kuhamia kule kwa kukatwa silabi moja au mbili. "Ukungu umekula shule" una tisa. Akisema "Ukungu umela shule" zinakuwa nane, na yeye ndiye wa kuamua kama anaupenda hivyo.